Leseni Haijui Tope: Kumfundisha na Kumpima Dereva wa Gari la Kazi Nje ya Lami

(Hotuba iliyotolewa Mwanza kwa madereva, wasimamizi wa magari na maafisa usalama wa maeneo ya kazi. Tunaiweka yote kwa ajili ya wenzetu ambao hawakufika.)

Mwangaluka!

Ndugu madereva, ndugu wasimamizi wa magari, maafisa usalama, wakubwa wetu mliotoka ofisini mkaja kukaa nasi: karibuni sana. Wapo hapa waliovuka na kivuko kutoka Ukerewe, wapo wa Sengerema na Buchosa, wapo wa Magu, Misungwi na Kwimba. Nyote mnaendesha, au mnasimamia, magari ambayo kazi yake inaanzia pale lami inapoishia.

Naomba kila dereva atoe leseni yake aitazame. Inasema nini? Inasema umeruhusiwa kuendesha gari la daraja fulani. Je, inasema unajua kushuka kilima cha mawe ukiwa na tani moja ya maji mgongoni? Haisemi. Inasema unaujua udongo wa mbuga, ule mweusi unaonata, ulivyo mwezi wa nne, saa mbili baada ya mvua? Haisemi. Inasema umewahi kufunga kamba ya kuvutia gari bila kumuua mtu? Haisemi, na haikuandikwa kwa kazi hiyo.

Tangu Juni 2025 tunalo Daraja la Kigongo–Busisi, kilomita tatu juu ya maji, na aliyekuwa anasubiri kivuko kwa saa nzima sasa anapita kwa dakika chache. Tunashukuru. Lakini mradi wa maji hauko darajani. Kliniki ya mkoba haiko darajani. Ukifika ng'ambo unakata kushoto au kulia, unaingia kwenye vumbi, mchanga, mawe na tope, na huko ndiko magari ya kazi yanakopinduka na kuzama.

Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi, Namba 5 ya mwaka 2003, inamdai mwajiri amlinde mfanyakazi kazini, na mafunzo ni sehemu ya ulinzi huo. Gari ni mahali pa kazi. Kwa dereva, gari ndilo ofisi. Kwa hiyo ninayosema leo si hisani ya kampuni kwa dereva wake.

Nina mambo manne. Mengine nitayapita haraka, mengine mnivumilie.

Lijue gari kabla hujalijua shimo

Chukueni mfano ambao kila msimamizi aliyepo hapa ameuona kwa sura moja au nyingine. Dereva mwenye miaka kumi na tano ya lami amepewa hadtopu, lile jipu la kazi lenye paa la chuma, anaelekea Kwimba mwezi wa nne. Usiku mvua imenyesha. Anatoka kwenye luseni, ule udongo wa kichanga wa juu, anateremka kwenye mbuga nyeusi, na gari linaanza kuyumba. Anavuta leva ya transfa, kisanduku cha gia kinachogawa nguvu mbele na nyuma, hadi H4, yaani fowili: magurudumu yote manne yavute kwa gia kubwa. Taa ya fowili inawaka. Anakanyaga mafuta. Gurudumu moja la nyuma linazunguka, linatupa tope hadi kwenye kerieri. Ya mbele yametulia tuli. Anaongeza mafuta. Baada ya dakika mbili difu ya nyuma, lile bonge la gia katikati ya ekseli, imekalia udongo na gari haliendi mbele wala nyuma. Anapiga simu karakana: "Fundi, fowili imekufa."

Fowili haijafa. Shuka, piga magoti kwenye gurudumu la mbele, futa tope pale katikati kwa kidole gumba. Utaona kitufe cha duara chenye maneno mawili, FREE na LOCK, na mshale. Mshale uko kwenye FREE. Propela ya mbele, mhimili unaopeleka nguvu kwenye difu, inazunguka, difu ya mbele inazunguka, shafti zinazunguka, lakini gurudumu halipokei kitu, maana habu, kile kiungo cha shafti na gurudumu chenye kitufe hicho, haijafungwa. Kazi ya nusu dakika pande zote mbili, ambayo ingefanyika pakavu kabla ya kuingia, sasa inafanyika kwenye tope, na bado gari limekwama.

Na lipo baya kuliko hilo. Dereva yule yule, habu bado wazi, akiweka L4, yaani fowili kwa gia ndogo, nguvu yote iliyozidishwa na gia hiyo inamalizikia kwenye ekseli ya nyuma peke yake. Hapo ndipo shafti inakatika. Kisha tunasema magari ya siku hizi hayana uimara!

Upande wa pili yupo anayesahau kutoa fowili. Anafika lami ya Usagara na H4 yake, jua linawaka. Gari likikata kona, magurudumu ya mbele hutembea umbali mrefu kuliko ya nyuma. Magari yetu mengi ya kazi hayana difu ya katikati ya kumeza tofauti hiyo. Kwenye tope tairi huteleza kidogo, tofauti inaisha. Kwenye lami kavu haina pa kwenda, inajikaza ndani ya transfa na propela. Dalili zake: usukani mzito, gari linagoma kwenye kona, leva haitoki. Usiipige leva kwa teke. Nyoosha usukani, rudi nyuma mita chache, itajifungua.

Sasa, haya unamfundishaje mtu? Si kwa kumsomea. Weka gari kwenye uwanja tambarare, zima injini, vuta handibreki, zuia magurudumu kwa vigingi. Mwambie alale chini ya gari na kidole chake kifuate njia ya nguvu: kutoka gia boksi, kwenda transfa, propela ya nyuma, propela ya mbele, difu, mpaka habu. Akiinuka akueleze: ukiweka H2, nani anavuta? Ukiweka H4 habu zikiwa wazi, nani anavuta? Difu loku ya nyuma, ile kufuli inayolazimisha magurudumu mawili ya ekseli moja yazunguke pamoja, ikifungwa, nini kinabadilika? Anayejibu hayo kwa kugusa chuma hatasahau. Na mfundishe kwa gari atakaloendesha. Aliyezoea pikapu ya kuzungusha swichi kwenye dashibodi hajui habu ya mkono, hata kama magari yote mawili yametoka kiwanda kimoja.

Kuhusu difu loku niseme machache: ifunge kabla ya kuingia, si wakati gurudumu limeshaanza kuzunguka. Nenda taratibu, nenda umenyooka, ukitoka ifungue. Ya mbele ni ya mwisho kabisa, maana ikifungwa usukani unakuwa mgumu kukata.

Na upepo wa tairi. Kwenye mchanga wa mwaloni, pale boti za samaki zinapotua, tairi lililojazwa kwa ajili ya lami linachimba. Lililopunguzwa linatandazika na kupita juu. Gari lisilo na mzigo mzito, shuka hadi PSI 18 au 20. Chini ya 15 tairi linaweza kuvuka rimu ukikata kona. Lenye mzigo usilishushe kiasi hicho, ubavu wa tairi utaumia. Ukishapunguza, mwendo usizidi kilomita 40 kwa saa, na kabla ya kurudi lami ujaze, kwa sababu tairi laini likikimbizwa kwenye lami linachemka ubavuni na kupasuka. Maana yake geji na kompresa ni vifaa vya gari kama ilivyo jeki. Gari lisilo na kompresa dereva wake hatapunguza upepo, na ana haki ya kutopunguza.

Kwenye mbuga upepo haukusaidii sana. Udongo ule unajaza meno ya tairi mpaka tairi linakuwa laini pande zote. Dawa kubwa ya mbuga ni saa. Subiri jua. Ndugu wasimamizi, andikeni hilo kwenye ratiba zenu: safari ya mbuga baada ya mvua ya usiku haiondoki saa kumi na mbili asubuhi.

Mteremko na mzigo

Gari la pili kwenye mazungumzo yetu ni pikapu yenye tanki la lita 1,000. Lita moja ya maji ni kilo moja, kwa hiyo tanki likijaa ni tani nzima, na kabla ya kulipakia uangalie kwanza kama gari limeruhusiwa kubeba tani. Siku hiyo limejazwa nusu. Dereva anafikiri amepunguza hatari. Je, amepunguza?

Anashuka kilima cha mawe kuelekea kijiji cha ziwani. Yuko gia ya pili, H4. Gari linachukua kasi. Mguu wa kulia unakanyaga breki. Mguu wa kushoto, kwa mazoea ya mjini, unakanyaga klachi. Hapo injini imeachia magurudumu. Breki peke yake inashika, magurudumu yanafunga juu ya kokoto, gari linateleza na usukani hauna kazi tena. Pua inageuka kidogo kushoto. Sasa gari limekaa ubavu kwa mteremko, na kilo mia tano za maji zinakimbilia upande wa chini wa tanki, zote kwa pamoja. Gari linalala.

Mahali gani lilipotea? Si pale lilipolala. Lilipotea juu kabisa, kabla ya kuanza kushuka. Pale juu alitakiwa kusimama, kushuka, kutembea njia kwa miguu hadi chini, kurudi, kuweka L4 na gia ya kwanza, kisha kuteremka mguu wa kushoto ukiwa sakafuni, mbali na klachi. Injini ndiyo breki. Mguu wa kulia unasaidia kwa kugusa tu. Gari likianza kuteleza, achia breki na ugonge mafuta kidogo ili magurudumu yazunguke tena na usukani ushike. Mwili wote utakukatalia kufanya hivyo. Ndiyo maana hufundishwi kwa maneno. Unafanyishwa kwenye mteremko mfupi wenye mwisho tambarare, mara ishirini, mpaka mguu ukubali.

Na kupanda kukishindikana je? Injini imeishiwa nguvu katikati ya kilima. Usigeuze gari. Narudia: usigeuze gari kwenye mteremko. Shika breki ya mguu kwa nguvu, vuta handibreki, iache injini izimike. Weka gia ya nyuma, L4. Nyoosha usukani, tazama vioo vyote viwili. Washa, achia klachi taratibu hadi injini ishike, ndipo uachie handibreki na breki ya mguu, urudi ulikotoka ukiwa umenyooka. Wanaopinduka kwenye vilima vyetu hivi vya mawe, wengi ni wale waliojaribu kugeuza.

Tanki liwe limejaa au liwe tupu. Likilazimika kuwa nusu, liwe na kuta za ndani za kuzuia maji yasikimbie. Mzigo mzito ukae chini na mbele ya ekseli ya nyuma. Kerieri ibebe vyepesi. Dizeli ya pipa la lita 200 ni kilo kama 170 bila pipa lenyewe, haipandi kwenye kerieri. Na watu hawakai nyuma ya pikapu. Sitaki mjadala kwenye hilo. Kuna kamba inayomshika mtu gari likipinduka? Kuna mkanda? Hakuna.

Kwa wenye vile vigari vidogo vya magurudumu manne vya kukaa wawili ubavu kwa ubavu, vinavyotumika mashambani na migodini: kanuni za mteremko ni hizo hizo, ila vyenyewe ni vyembamba na vyepesi kupinduka kwenye kona. Fremu ya juu inakulinda kwa sharti moja, uwe umefunga mkanda na mikono yako iko ndani. Wengi wanaoumia ni waliotoa mguu au mkono nje kulizuia gari lisilale. Hakuna mguu unaozuia kilo mia sita. Na aliyezoea hadtopu asipewe kigari hicho bila kufundishwa upya.

Kunasua gari

Hapa nitakaa, kwa sababu hapa watu wanakufa gari likiwa limesimama.

Picha ni ya mwaloni, jioni, boti zinaingia. Pikapu imekuja kuchukua mzigo wa samaki, imezama kwenye mchanga mbichi hatua chache kutoka maji. Linatokea lori, dereva mwema, ana waya wa chuma. Wanafunga upande mmoja kwenye lori, upande mwingine kwenye kile kichwa cha duara cha kuvutia tela nyuma ya pikapu. Watu wamejaa: wachuuzi, wavuvi, watoto, kila mmoja anatoa amri. Lori linarudi nyuma kidogo ili lichukue kasi, waya unalegea, kisha lori linaruka mbele.

Hebu tusimamishe picha hapo hapo. Makosa ni mangapi?

La kwanza, kichwa cha tela. Kimetengenezwa kuvuta tela taratibu, mzigo unaopanda polepole. Hakikutengenezwa kupigwa. Kikikatika shingoni, kinaruka na kasi ya waya uliokazwa, na kinapita kioo, kinapita kiti, kinapita mtu. Gari linavutwa kwa ndoano iliyofungwa kwenye chasi kwa boliti, basi. Kama gari la kazi halina ndoano hiyo mbele na nyuma, halijakamilika.

La pili, waya wa chuma kwa mruko. Ukitaka kuvuta kwa kasi kidogo, kuna mikanda ya nailoni inayovutika, ambayo imetengenezwa kwa hiyo. Waya na mnyororo ni vya kukazwa kwanza, kisha kuvuta polepole, gia ya kwanza, L4.

La tatu, watu. Kamba ikiwa mita 10, hakuna mtu ndani ya mita 15 pande zote. Hakuna anayeivuka, hata ikiwa imelegea. Hapa kwetu huwezi kusema "ondokeni" mara moja ukaendelea. Kwa hiyo mfundishe dereva kazi ya umati kama unavyomfundisha gia: atafute mtu mzima wa pale pale, mwenye kuheshimika, mwenyekiti wa mwalo au mzee mmoja, amwombe kwa adabu arudishe watu, na asiguse gari mpaka watoto wote wawe nyuma. Mpimaji aliandike hilo kwenye fomu. Dereva aliyefunga kamba vizuri huku watoto wamekaa juu yake hajafaulu.

La nne ndilo lililotangulia yote: hakuna aliyeshika jembe. Gari lililozama linazuiwa na udongo ulio mbele ya tairi na chini ya difu. Ondoa huo. Chimba mbele ya magurudumu yote manne, fungua njia chini ya difu, punguza upepo, tandika mbao au matawi. Mara nyingi litatoka lenyewe. Na lisipotoka, nguvu ya kulivuta itakuwa ndogo, na kamba yenye nguvu ndogo ina hasira ndogo.

Shakeli, kile kiungo cha chuma chenye pini cha kufungia kamba, iwe na maandishi ya uzito inaobeba. Isiyo na maandishi itupwe. Kaza pini hadi mwisho kisha rudisha robo mzunguko, ili isigande baada ya kuvutwa. Tandaza blanketi zito au koti la mvua katikati ya waya, ili ukikatika ushuke chini. Amri itoke kwa mtu mmoja, kwa ishara za mikono, ila ishara ya kusimama kila mtu ana haki ya kuitoa.

Wenye winchi, ile mashine ya kuvuta kwa waya iliyofungwa kwenye gari: glavu za ngozi, mizunguko isiyopungua mitano ibaki kwenye ngoma, na waya usipite ndani ya kiganja chako. Mbugani miti ni michache, kwa hiyo mfundishe kuzika tairi la akiba kama nanga. Anachimba shimo la kulifunika lote, analisimamisha, anafukia na kushindilia. Ni kazi ya saa nzima na jasho. Kwenye mawe yetu, kingo za jiwe hukata mkanda. Weka gunia au kipande cha tairi kuukuu katikati.

Kumpima

Ndugu zangu, kufundisha ni kazi moja na kupima ni kazi nyingine. Tukizichanganya tunaishia kugawa vyeti.

Swali la kwanza: nani anapima? Asiwe yule aliyefundisha. Mwalimu amempenda mwanafunzi wake, ameona alivyohangaika, mkono utakuwa mwepesi. Mpimaji awe mtu anayeendesha magari hayo mwenyewe na asiye na haraka ya kujaza nafasi ya dereva. Awe kimya. Asiguse, asielekeze, asitikise kichwa, maana dereva mjanja anasoma uso wako kuliko anavyosoma njia. Atazungumza kwa jambo moja tu, hatari.

Swali la pili: anapimwa wapi? Kwenye udongo atakaofanyia kazi, kwa gari lake, kwa mzigo wake. Aliyepimwa Agosti kwenye luseni kavu, gari tupu, amepimwa kwa hilo tu. Kibali chake kiandikwe "pakavu, bila mzigo", na mvua zikianza apimwe tena. Sioni aibu yoyote kwenye kibali chenye mipaka. Aibu ni kibali kinachosema kila kitu.

Swali la tatu: alama. Kuna fomu zenye vipengele hamsini, kila kimoja alama mbili, pasi ni themanini. Dereva amekagua maji ya rejeta, oili, nati za magurudumu, upepo, taa, vioo, vyote sawa. Kwenye mteremko akakanyaga klachi. Jumla: tisini na nane. Amefaulu! Je, mmemwelewa huyo dereva? Kosa moja alilofanya ndilo linaloua, na hayo mengine arobaini na tisa yamelifunika.

Kwa hiyo yawepo makosa yasiyohesabiwa alama, makosa yanayosimamisha jaribio papo hapo: kutofunga mkanda, kuacha gari bila handibreki, kukanyaga klachi kwenye mteremko mkali, kugeuza gari katikati ya kilima, kuvuka au kuruhusu mtu avuke kamba iliyokazwa, kubeba mtu nyuma, kuingia majini bila kukagua. Moja tu kati ya hayo, jibu ni "bado". Neno ni "bado", si "umefeli", kwa sababu anarudi kufundishwa na kupimwa tena siku nyingine, si mchana wa siku hiyo hiyo akiwa amechoka na amekasirika.

Mpimaji aandike alichoona. Usiandike "anaendesha vizuri". Andika "alishuka akatembea njia yote kabla ya kuteremka, aliweka L4 gia ya kwanza, alikanyaga klachi mita tano kabla ya kufika chini". Mtu mwingine akisoma karatasi hiyo baada ya mwaka atajua dereva alifanya nini. Na baada ya kila zoezi muulize kwa nini. Kwa nini ulichagua kulia kwa lile jiwe? Anayejibu "niliona wenzangu wanapita hapo" bado hajajua.

Lakini kipimo kikubwa kuliko vyote ni hiki. Weka kwenye jaribio njia moja ambayo haipitiki, na usimwambie. Tuchukue kijito kinachoingia ziwani, maji ya kahawia, yanakwenda. Mwambie: "Tunaelekea ng'ambo." Kisha unyamaze.

Dereva unayemtaka atasimama mbali na ukingo. Atatafuta fimbo ndefu. Hataingia pekupeku, kwa sababu ziwa letu lina kichocho, na kwenye matete hujui kama kuna mamba au kiboko; atauliza wenyeji kwanza, atavaa buti, atapima kutoka ukingoni. Maji yakipita katikati ya gurudumu na gari halijaandaliwa, hapana. Yakiwa yanakwenda kasi, hapana, hata kama yanaonekana machache: kina cha sentimita 60 cha maji yaendayo kasi kinaweza kubeba pikapu. Hajui sakafu ikoje, hapana. Atarudi kwako atakwambia: "Hapa hatupiti."

Huyo amefaulu. Aliyeingia akavuka salama hajafaulu, na mwelezeni kwa nini: injini ikivuta maji kupitia filta ya hewa, maji hayagandamiziki, na koni rodi, vyuma vinavyoshika pistoni, zinapinda. Difu iliyochemka ikiingia ghafla kwenye maji ya baridi, hewa ya ndani inasinyaa na kunyonya maji kupitia sili na bomba la kupumulia. Baada ya siku chache ukifungua boliti oili inatoka nyeupe. Kama mbele ya safari kuna maji yanayopitika, basi ni L4 gia ya pili, mwendo mmoja, klachi haiguswi, na akitoka akanyage breki mara kadhaa zikauke.

Sasa nawageukia wakubwa. Dereva amesema hapana saa kumi na moja jioni, na wewe uko ofisini Mwanza mjini, mkutano ni kesho asubuhi. Simu inalia. Unamjibu nini? Ukimwambia "wenzako wanapitaje?", umefuta mafunzo yote kwa maneno mawili. Na wiki ijayo, dereva mwingine aliyesikia hilo hatakupigia simu. Ataingia.

Kwa hiyo fomu ya kupima iwe na sahihi tatu. Ya dereva, ya mpimaji, na ya mkuu wa idara, chini ya sentensi hii: dereva akiona njia haipitiki anarudi, na gharama ya kurudi ni ya kazi, si yake. Posho ya siku ya ziada ilipwe bila maswali. Mkuu asiyetaka kusaini, gari lake lisiondoke.

Upimaji urudiwe kila baada ya miaka miwili. Mapema zaidi kukiwa na ajali, gari jipya, au dereva akikaa miezi sita bila kutoka lami. Katikati hapo, ndani ya miezi mitatu ya kwanza, mpimaji apande naye safari moja ya kweli, bila taarifa. Uwanjani mtu anaigiza. Safarini, akiwa na njaa na simu inaita, ndipo utamwona.

Kwa misingi ya udereva tunavyo vyuo, VETA Nyakato hapa hapa, na Chuo cha Taifa cha Usafirishaji Dar es Salaam. Lakini mbuga yenu, mwalo wenu na vilima vyenu mtaviweka kwenye mafunzo wenyewe.

Sasa tutoke. Magari mawili yako nyuma ya ukumbi, moja la habu za mkono, moja la swichi. Tugawane watu watatu kwa gari kwa kila zamu. Wawili wanaosubiri wakae kiti cha nyuma ndani ya gari wamefunga mikanda, na waandike wanachoona. Wakubwa, msiondoke: zamu ya kwanza chini ya gari ni yenu. Maswali tutayajibu huko huko.